Naomba ushauri: binti anataka kusomea kompyuta, kompyuta hana

Ndugu zangu, habari za jioni. Niko Newala. Binti wa marehemu dada yangu kamaliza kidato cha nne, hesabu kapata B, anataka sayansi ya kompyuta. Programu za Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) anaziandika kwa kalamu kwenye daftari, mstari kwa mstari, kisha Jumamosi anaomba dakika chache pale stesheneri azijaribu. Juzi kanionyesha moja inayopiga hesabu ya kilo za korosho na makato ya mnadani. Jibu likaja sawasawa na stakabadhi yangu! Babu yake anasema hiyo kazi ya wanaume, akajifunze cherehani. Mimi sikubali.

Aende kidato cha tano na sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), miaka 2, au stashahada moja kwa moja? Na kompyuta mpakato ya mtumba, niangalie RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB ngapi? Kina dada mlioisomea, mlianzaje?