Tupeane uzoefu: mlidurusu vipi mtihani wa leseni huku mnafanya kazi?

Mhasibu wa Mjini:
Assalaam alaykum jamani. Mitihani ya CPA, ile ya uhasibu, ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu) ni Mei na Novemba, na kila msimu ukikaribia vijana wa ofisini huniuliza wasome nini. Mimi hushughulishwa zaidi na wanavyosoma. Mtu anarudi nyumbani Magharibi kachoka, anafungua kitabu, anakipigia mistari ya rangi mpaka usingizi unamchukua. Asubuhi ukimuuliza, ukurasa anaukumbuka, hesabu haijui.

Nilichofanya mimi ni kufunga daftari mapema, kabla sijajihisi tayari. Karatasi tupu, saa mezani, swali la mtihani uliopita. Pepa ni saa 3 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36. Zikitimia, kalamu chini, hata kama mizania imegoma kulingana. Halafu kalamu nyekundu na majibu yanayotolewa na Bodi yenyewe: hapa nimekosa kanuni, hapa nimekosa hesabu tu, hapa sikulisoma swali. Hayo matatu yanatibiwa mbalimbali, ndiyo maana nasisitiza kuyaandika pembeni.

Kwenye Kodi sisi wa huku tuna mtego wetu. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tunayoishughulikia kila siku ni ya Zanzibar, ina sheria yake na inakusanywa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Pepa kwa kawaida inataka ya Bara, Sheria ya 2014. Kodi ya mapato ndiyo ya Muungano, Sheria ya 2004, chini ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, pande zote mbili. Mtu aliyejaza ritani za ZRA mwaka mzima mkono unakwenda wenyewe kwenye kiwango alichokizoea. Nilibandika karatasi mbili ukutani, ya Bara kushoto na ya kwetu kulia, na kila swali la VAT nikaandika juu yake "Bara" kabla ya kugusa kikokotoo. Na msisahau kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila Julai 1. Daftari la kurithi kwa kaka yako litakuponza.

Haya, wengine leteni yenu.

Nesi wa Mkoani:
Waalaykum salaam kaka. Mie ni muuguzi, nilidurusu kwa kadi. Swali mbele, jibu nyuma, zinakaa mfuko wa sare. Mfano dripu: lita 1 kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, yanakuja 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Kesho yake nabadilisha: mililita 300 kwa saa 6, seti ndogo ya matone 60. Jibu 50. Ukibadilisha namba huwezi kukariri jibu, lazima ujue njia.

Kadi niliyoijibu haraka naiweka kando siku kadhaa. Iliyonikwamisha inarudi kesho. Na nikitoka zamu ya usiku sigusi kitu, nalala kwanza. Shoga zangu mnaosoma na macho mekundu, mnajitesa bure.

Wakili wa Mwanakwerekwe:
Hizo kadi za dada ndiyo muraja'a, kurudia ulichohifadhi, tuliyofanyishwa chuo cha Qur'ani. Maalim hakukubali uangalie msahafu ukasema umehifadhi, unausoma kwa moyo mbele yake, na juzuu ya zamani inarudiwa hata kama umeshafika mbele.

Wataalamu wamelipima hili pia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, walioifunga na kujitahini wakawapita. Ndiyo maana kurudia kusoma kunadanganya: usiku ule ule unajiona unajua.

Bint Wete:
Nashukuru wakubwa zangu. Mimi nafanya CPA Novemba. Huku wenzangu wa mtihani huu hawazidi wawili, na tukikutana tunaishia kuzungumza. Kikundi kina faida kweli?

Mhasibu wa Mjini:
Kina faida mdogo wangu, kwa sharti kila mmoja aje na swali alilokwishalijibu kwa kuandika. Mnabadilishana karatasi, mnasahihishana, mnaondoka. Asiyekuja na karatasi, siku hiyo asikae. Nyinyi wawili mnatosha kabisa.

Nesi wa Mkoani:
Na asiye na mwenzake aeleze kwa sauti. Mie nilikuwa namweleza mama yangu jikoni, naye hajui uuguzi. Akiuliza "kwa nini?" nikakwama, najua kadi ya kesho ni ipi.

Bint Wete:
Basi leo baada ya Isha naanza na swali moja la Ukaguzi, dakika 36. Nikimaliza nalipiga picha nalileta hapa mnisahihishe.

Mhasibu wa Mjini:
Lilete hata likiwa nusu.