Mwananchi anaruhusiwa kuingia Baraza la Madiwani? Tumezuiwa getini

KatibuSoko_Dagaa aliandika:

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa wafanyabiashara wa soko letu, upande wa dagaa na mbogamboga, kwenye halmashauri ya mji hapa Tanzania ambayo sitaitaja. Wiki chache zilizopita wakusanya ushuru walipita meza kwa meza wakitutangazia kwa mdomo kwamba ushuru unapanda kutoka shilingi 300 hadi 500 kwa siku. Tulipouliza nani kapitisha, jibu likawa "Baraza limeshapitisha." Karatasi hatujaonyeshwa.

Baraza la robo hii lilikaa Alhamisi na Ijumaa. Tulikubaliana watu watatu tuende tukasikilize wenyewe. Tumefika ukumbini kabla hata waheshimiwa hawajaanza kuingia, mlinzi anatuambia kikao ni cha madiwani na wakuu wa idara, sisi tukamwone mtendaji wa kata. Tulisubiri nje hadi diwani wetu alipotoka. Akatuambia la soko halikuwa kwenye ajenda, kwa hiyo hakuwa na namna ya kulisemea.

Naombeni mwenye kujua anisaidie. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia Baraza au haruhusiwi? Akiingia anaweza kuuliza swali? Na hiyo ajenda inaingizwa na nani, lini? Mama zetu pale sokoni wengine faida ya siku nzima haifiki elfu tano, hiyo mia mbili kwao si ndogo.

Fundi_Cherehani:

Poleni sana. Huku kwetu tunaingia, viti vya wananchi vinapangwa nyuma kabisa. Ila nenda umevaa vizuri na simu izimwe. Kuuliza swali hapana, unasikiliza tu.

MzeeWaMakabrasha:

Katibu, poleni wewe na wenzako. Mimi ni mstaafu. Utumishi wangu karibu wote niliufanya idara ya utawala, kuandaa makabrasha ya vikao, yaani vitabu vya ajenda na taarifa wanavyopewa wajumbe, na kuandika mihtasari ya Baraza na kamati zake, kwanza Nyanda za Juu Kusini, baadaye Kanda ya Ziwa. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo lako nimeliona likijirudia na linaniuma.

Mlinzi hakuwa na haki ya kuwazuia. Halmashauri za miji zinaendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288, na juu ya hiyo kila halmashauri ina Kanuni zake za Kudumu za kuendesha vikao. Mkutano wa Baraza ni wa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Baraza lenyewe linaweza kuamua kujifungia kwa jambo fulani, na mara nyingi huwa ni nidhamu ya watumishi. Hapo Mwenyekiti hutamka kwamba Baraza sasa linakaa kama kamati, wasikilizaji wanaombwa watoke, na likiisha wanarudishwa. Uamuzi huo unafanyika ndani ya ukumbi na unaandikwa kwenye muhtasari. Getini haufanyiki. Ukiwa ndani, kweli huzungumzi, hushangilii wala huzomei, na Mwenyekiti ana mamlaka ya kumtoa anayevuruga kikao.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Hata mngeingia siku ile, habari ya ushuru wenu mngeisikia kwa dakika chache tu, au msiisikie kabisa. Baraza linapokea na kuamua. Uchambuzi umeshafanyika kwenye kamati za kudumu. Kwenye halmashauri ya mji, mambo ya mapato yanapita Kamati ya Fedha na Utawala, ambayo hukutana kila mwezi. Humo ndimo mweka hazina anawekwa kikaangoni, humo ndimo diwani anaweza kusema "hii mia mbili imekokotolewaje?" na akasubiri apewe hesabu. Siku ya Baraza, taarifa ya kamati inapitiwa ukurasa kwa ukurasa: "Waheshimiwa, ukurasa wa nne? Wa tano? Mnaafiki?" Wanaafiki, imepita. Nimekaa kwenye mabaraza ambayo kalvati moja lilibishaniwa asubuhi nzima, halafu taarifa ya mapato ya miezi mitatu ikapita kabla chai haijaletwa. Siwalaumu madiwani wote. Kalvati diwani analijua, amelivuka kwa miguu. Jedwali la mapato linahitaji mtu alisome usiku mbili tatu akiwa na kalamu mkononi.

Vikao vya kamati havina viti vya wananchi. Kwa hiyo kama unataka neno lako lifike huko, lazima lipite kwa diwani wako, na lipite mapema. Mkurugenzi ndiye katibu wa Baraza. Ofisi yake ndiyo inayokusanya ajenda, kuchapa makabrasha na kuyasambaza kwa wajumbe kabla ya kikao. Kabrasha likishatoka, kuongeza jambo ni kazi ngumu. Diwani anayekumbuka soko asubuhi ya Baraza ameshachelewa, na hicho ndicho kilichowapata ninyi.

Njia yenyewe inaanzia chini. Kata yenu ina Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni huyo huyo diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hoja ya soko ikijadiliwa pale na kuandikwa, inaingia kwenye taarifa ya kata. Halmashauri nyingi siku ya kwanza ya Baraza huwa ni ya taarifa za kata, siku ya pili za kamati. Ikisomwa siku ya kwanza, inakuwa mali ya Baraza zima. Kikao kijacho, muhtasari ukishathibitishwa, inakuja ajenda ya yatokanayo, yaani kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, na hapo mkuu wa idara lazima asimame aeleze amefanya nini. Mimi nikiulizwa ajenda gani ina nguvu kuliko zote, nasema yatokanayo. Ahadi nyingi zinafia pale kwa sababu hazikuandikwa kwa maneno yanayodai mtu fulani afanye jambo fulani kufikia tarehe fulani. "Baraza lilishauri soko liangaliwe" hilo halimfungi mtu yeyote. "Baraza liliagiza Mkurugenzi alete mchanganuo wa ushuru wa meza kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Fedha" hilo linamfunga. Mwambieni diwani wenu aombe liandikwe hivyo, asikubali pungufu.

Na kuna jambo la ushuru wenyewe, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko la geti. Ushuru na ada za halmashauri hukaa kwenye sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na halmashauri yenyewe. Kabla sheria ndogo haijapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, halmashauri inatakiwa itangaze kusudio lake kwa wakazi na ipokee maoni na pingamizi zao. Ikishaidhinishwa inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na inakuwa na namba ya Tangazo la Serikali. Kama ile 300 imo kwenye sheria ndogo iliyotangazwa, Baraza haliigeuzi kuwa 500 kwa kutamka tu, na mkusanya ushuru ndiyo kabisa. Ulizeni kwa barua: namba ya Tangazo la Serikali ni ipi, na kusudio lilibandikwa wapi, lini?

Niseme pia kwa nini kanuni hizi nazishika sana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini. Miji ilikaa bila mabaraza hadi 1978, na sisi tuliokuwa vijana tunakumbuka mitaro na takataka zilivyokuwa. Sheria za 1982 zimetoka kwenye uzoefu huo. Anayemzuia mwananchi asisikilize Baraza lake anarudisha kitu ambacho nchi hii ilishakionja ikakikataa.

Diwani_VitiMaalum:

Mzee wangu shikamoo. Umesema kweli tupu, ila naomba niongeze upande wetu. Kabrasha lenyewe wakati mwingine linatufikia usiku wa kuamkia kikao, kurasa mia na zaidi. Mimi nimesimama mara kadhaa kuhusu utaratibu nikamwomba Mwenyekiti ahirisho, kwa sababu kuafiki jambo ambalo sijalisoma siwezi. Siku nyingine nimesikilizwa, siku nyingine sikusikilizwa. Wananchi wakijaa kwenye viti vya nyuma nasikilizwa zaidi, hilo nimelishuhudia. Kwa hiyo Katibu, njooni. Mje hata kama hamruhusiwi kusema.

Kuna na maswali ya papo kwa papo. Diwani anamuuliza Mwenyekiti wa Halmashauri moja kwa moja, na linatakiwa liwe jambo la halmashauri nzima. "Meza ya mama fulani imevunjika" halitapokelewa. "Je, ni halali wakusanya ushuru kutoza kiwango ambacho wananchi hawajaonyeshwa sheria yake?" hilo linasimama. Liandikeni vizuri mumpe diwani wenu. Akisita, mpeni wa viti maalum anayeishi kata yenu. Sote ni wajumbe kamili wa Baraza, haki ya kuuliza ni moja.

Jingine. Mjumbe mwenye maslahi ya kifedha kwenye jambo linalojadiliwa anatakiwa ayatangaze na asilipigie kura. Masoko yana vibanda, na vibanda vina wenyewe. Sisemi la kwenu liko hivyo, ila mkikaa pale nyuma sikilizeni kama kuna anayetangaza maslahi soko linapotajwa.

MzeeWaMakabrasha:

Marahaba, Mheshimiwa. La kabrasha kuchelewa ni kweli na ni kosa letu sisi wa ofisini. Endelea kuomba ahirisho, na kila mara uombe ombi lako liandikwe kwenye muhtasari hata likikataliwa.

Mkaazi_Kitale:

Jambo ndugu zangu, mimi niko Kenya, naomba nichangie kidogo. Kwetu mabaraza ya miji ya zamani yaliisha tulipoingia kwenye kaunti mwaka 2013. Siku hizi ada za soko zinapitishwa na bunge la kaunti kupitia sheria ya fedha ya kila mwaka. Ibara ya 196 ya Katiba yetu inalazimisha bunge la kaunti lifanye vikao hadharani na lishirikishe umma, na haliwezi kuwafungia wananchi wala wanahabari nje isipokuwa Spika aone kuna sababu ya kipekee yenye mashiko. Tena kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi bungeni kuhusu jambo lililo chini ya kaunti. Wafanyabiashara wetu wanaitumia hiyo: wanaandika, wanatia sahihi, karani wa bunge analipokea, na kamati inawaita waje waeleze.

Shida yetu ni kwamba vikao vya maoni vinaitwa kwa tangazo la ghafla, asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ukumbi ulio mbali na soko. Watu wanafika wachache, halafu ripoti inasema umma ulishirikishwa. Kwa hiyo Katibu, hata mkipewa nafasi ya kutoa maoni, pelekeni pia kwa maandishi na mbaki na nakala.

KatibuSoko_Dagaa:

Mzee shikamoo, na Mheshimiwa, na ndugu wa Kitale, asanteni sana. Nimewasomea akina mama pale sokoni yote mliyoandika. Tumekwenda kwa mtendaji wa kata, kasema Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa wiki ijayo na mwenyekiti wetu wa mtaa amekubali kulibeba.

Swali langu lililobaki: barua ya kuomba kuona hiyo sheria ndogo tunamwandikia nani, na wakikaa kimya tunafanyaje? Na siku ya Baraza lijalo yule mlinzi akituzuia tena?

MzeeWaMakabrasha:

Marahaba. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Mji, ipitie kwa mtendaji wa kata. Iwe fupi, ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kitaje jambo moja tu: kuomba nakala ya sheria ndogo ya ushuru wa soko pamoja na namba ya Tangazo la Serikali. Msichanganye na choo cha soko wala taa, hizo ziandikieni barua nyingine, maana barua yenye mambo matano inazungushwa idara tano na hairudi. Ndani mtaje kwamba mnaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa ofisa siku 30 za kujibu. Zikipita, andikeni tena mkirejea barua ya kwanza kwa tarehe yake, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Pelekeni nakala mbili masijala. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo sokoni. Msikubali kuiacha mezani kwa mtu kwa maneno ya "nitamfikishia."

Kuhusu mlinzi: tarehe ya Baraza ikishabandikwa, andikeni barua nyingine kwa Mkurugenzi mkimjulisha kwamba wafanyabiashara wa soko mtahudhuria kama wasikilizaji, mtaje mko wangapi. Hamuombi ruhusa, mnamjulisha ili viti vipangwe. Nakala yake iliyogongwa muhuri mwende nayo siku hiyo, mumwonyeshe mlinzi kwa upole, akiendelea kukataa mwombeni amwite ofisa wa utawala anayeshughulikia vikao. Ofisa huyo anazijua kanuni, na atawapeleka ndani kabla dua ya kufungua haijasomwa.