Je, mtu mwenye ulemavu anaweza kunyimwa mashine ya kupumulia?

Dada wa Likoni: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo, na juzi alilazwa kwa nimonia katika hospitali moja hapa Mombasa. Daktari alisimama mlangoni, akatuambia kwamba hali ikizidi hatamwekea mashine, kwani maisha yake "tayari ni ya taabu". Kijana huyu hucheka kila asikiapo honi ya feri. Je, sheria inaruhusu?

Mwanasheria: Wa aleikum salaam, dada. Hairuhusu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka, katika kifungu cha 25, mtu asinyimwe tiba, wala chakula na vinywaji, kwa misingi ya ulemavu wake.

Muuguzi mstaafu: Ni kweli, lakini tusichanganye mambo. Daktari akisema mapafu yenyewe hayatafaidika na mashine, hiyo ni hoja ya kitabibu. Akisema maisha ya mgonjwa hayana thamani, amevuka mpaka. Mwambie aandike sababu yake kwenye faili na kuitia sahihi, kisha uombe daktari wa pili.

Dada wa Likoni: Ahsanteni. Faili nimeiona: penye sababu pameandikwa "mlemavu", basi. Naelekea huko sasa hivi.