Naomba ushauri: baiskeli za mizigo ubavuni mwa trela

Habari za kazi madereva wenzangu, na ninyi wa baiskeli pia. Njia ni Malaba–Kampala, trela ndefu, usukani kulia. Shida iko kwenye miji kama Bugiri na Iganga. Baiskeli yenye mikungu ya matoke au magunia ya makaa ikisimama chini ya dirisha la kushoto, vioo vya kawaida havioni kitu. Ukikata kona ya kushoto, kichwa cha trela kinapita mbali na mwendesha baiskeli, ila tairi za nyuma zinakata ndani, na hizo ndizo zinazomfagia mtu.

Tumeshafunga kioo cha kutazama chini juu ya mlango wa kushoto, indiketa inawashwa mapema, utingo anachungulia. Mchana inasaidia. Usiku, baiskeli isiyo na hata kiakisi nyuma unaiona umeshaifikia. Honi ya ghafla ndiyo mbaya zaidi: anashtuka, mzigo unayumba, anaingia barabarani.

Mnapoovateki baiskeli yenye mzigo mpana, mnaacha nafasi kiasi gani ubavuni? Na ninyi wa baiskeli, mkiwa usawa wa trela, indiketa mnaiona kweli, au utingo apunge mkono?