Mrejesho: Mume wangu, mwanajeshi wa zamani, na jeraha la ubongo

Wapendwa, niliuliza hapa nifanyeje na mume wangu, aliyelipukiwa na bomu la barabarani Afghanistan akiwa jeshi la Marekani. Anaacha jiko likiwaka, watoto wakipiga kelele anafoka. Asanteni nyote, hasa dada aliyenielekeza kwenye mpango wa walezi wa VA, idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani.

Nilijaza fomu ya maombi, 10-10CG. Sharti kubwa ni ulemavu uliotokana na utumishi, asilimia 70 au zaidi, na awe anahitaji msaada au uangalizi wa kila siku. Kwanza tulikataliwa, eti anaoga na kuvaa mwenyewe! Nikakata rufaa na daftari mkononi: siku alizosahau jiko, siku aliyopotea akitoka dukani, mtaa uleule anaoujua. Hoja ikawa usalama wake, si kuoga. Wakakubali. Sasa napata posho ya kila mwezi, ushauri nasaha, na mtu wa kunipokea zamu siku zisizopungua 30 kwa mwaka. Bima sikuwa nayo, nimeingizwa CHAMPVA, bima ya afya ya VA kwa familia.

Yeye anatibiwa Minneapolis, kwenye kituo cha polytrauma, yaani cha wenye majeraha mengi makubwa kwa pamoja, likiwemo la ubongo. Mtaalamu wa tiba ya usemi (nilidhani hao ni wa kigugumizi tu) ndiye anayemnoa kumbukumbu: kengele ya simu ikilia, azime jiko kwanza, simu baadaye. Hasira bado zipo, sitawadanganya.

Na aliyeniuliza kama Vet Center, vituo vya ushauri nasaha vya VA, wanatoza pesa na kama familia inaruhusiwa: ndiyo, ushauri ni bure, na familia inapokelewa.