Majani ya mkilifi na antibiotiki mpya: pesa za utafiti ziende huko?

MwanafunziTudor: Niulize waziwazi. Vyuo vyetu vyapima majani kila siku, mkilifi (mwarobaini), mzunze, karafuu, na jibu ni lile lile: "yanaua bakteria". Mbona kwa kemisti siyaoni? Penisilini ilitoka kwa kuvu, 1928. Streptomaisini, antibiotiki ya kifua kikuu, kwa bakteria wa udongoni, 1943. Mimea imetoa nini cha kulinganishwa na hizo? Pesa ziende kwenye udongo na bahari. Nyanya zetu walikuwa wakibahatisha tu.

BintiKibokoni: Wakibahatisha? Ulipougua tetekuwanga ulikogeshwa na nini kama si maji ya mkilifi? Nyanya yangu alijua majani ya kuchemsha na ya kulowesha usiku kucha, na mtoto mchanga hakupewa ya kunywa kabisa. Huko si kubahatisha. Na ile harufu kwa daktari wa meno, hiyo ni karafuu. Omba radhi.

MfamasiaChangamwe: Dada, tetekuwanga ni kirusi, si bakteria, na kwa watoto wengi huisha yenyewe. Maji yale labda hupunguza muwasho, basi. Lakini Mwanafunzi naye amelikosa lililo muhimu. Kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara si kazi, hata siki yaua. Kazi ni kupata kiasi kinachoua bakteria bila kuua ini la mgonjwa. Halafu kuna pampu. Bakteria wa majipu, stafilokokasi, ana pampu kwenye utando wake: beberini, kemikali ya mimea, ikiingia huitema nje. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mimea ile ile yenye beberini ina kemikali ya pili inayoziba hiyo pampu. Peke yake haiui kitu. Zikiwa pamoja, bakteria hufa. Sisi twachuja jani mpaka ibaki kemikali moja, kisha twasema jani ni dhaifu.

MzeeLikoni: Mwasahau yule mama Mchina, Tu Youyou, aliyepewa Nobel 2015. Alisoma kitabu cha kale cha waganga, akatoa antibiotiki ya malaria. Wazee wao waliandika, wetu wakadharauliwa.

MfamasiaChangamwe: Shikamoo mzee. Ile si antibiotiki. Antibiotiki ni ya bakteria; artemisinini, dawa yake ile, yaua vimelea vya malaria. Ila kisa chake chafaa hapa: kuchemsha kuliharibu dawa, na kitabu kilisema jani liloweshwe na kukamuliwa. Ndipo akatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye jani, kwa joto dogo.

BintiKibokoni: KULOWESHA. Nilisema nini?

FundiMajengo: Mfamasia atufunza pampu, na ni nyinyi wa kemisti mlioleta usugu wa dawa, bakteria kutosikia dawa tena! Juzi nimeingia duka moja na kikohozi, sikuulizwa cheti cha daktari, nikapewa tembe nne za amoksilini kwenye kikaratasi. Nne! Muuza mizizi angalau huniuliza nimeanza kuugua lini.

MfamasiaChangamwe: Usinitie kapu moja na hao. Bila cheti cha daktari siuzi antibiotiki, na wateja wanitukana kila siku kwa hilo. Huyo muuza mizizi akupimie nini? Unga wake hauna kipimo, hauna tarehe. Mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua watu milioni 1.27 duniani, nawe wanambia habari ya kuulizwa umeanza lini.

MwanafunziTudor: Jamani, nimeuliza pesa za utafiti ziende wapi. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ina kituo kizima cha dawa za kienyeji. Wasake kemikali zinazoua au zinazoziba pampu? Hayo ni majaribio tofauti kabisa.

BintiKibokoni: Kwanza radhi za nyanya zetu.

MzeeLikoni: Mwanafunzi, omba radhi yaishe, kisha uulize upya. Ukiwadharau, nani atakuonyesha mti?

FundiMajengo: Mfamasia hajanijibu. Mwenye mia mbili mfukoni, daktari ataka elfu, na mtoto ana homa. Wamuuzia au wamfukuza?

MfamasiaChangamwe: Namwelekeza zahanati ya serikali. Tembe nne simpi.

FundiMajengo: Na zahanati ikiwa haina dawa? Kesho yake utamkuta kwa muuza mizizi, na wewe ndiye uliyemtuma.