Kontua na vipimo vya ramani vinanishinda

Mwanafunzi, Wete:
Assalamu alaykum. Nipo kidato cha tatu, na katika Jiografia ninafahamu vyema mvua, pepo na udongo, lakini kila ninapowekewa ramani yenye kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa) huiona kama nyuzi zilizotatizana. Kukokotoa eneo nako hunipotezea alama. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Chake Chake:
Waalaykumu salaam, mwanangu. Unakaa Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde, kwa hivyo somo hilo unalikanyaga kila siku. Unapopanda kilima kikali cha mikarafuu hadi pumzi zikakukatika, jua kwamba kwenye ramani kontua za mahali hapo zimebanana. Ukishuka kwenye bonde la mpunga, ambako ardhi imelala, huwa zimeachana. Ama kuhusu eneo, wengi huteleza hapa: katika skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, lakini kilomita 1 ya mraba ni sentimita 4 za mraba, wala si 2, kwa sababu urefu na upana vyote viwili vimepunguzwa.

Msomaji, Makunduchi:
Namuunga mkono mwalimu, ila sisi tunaokaa uwandani, penye mawe ya matumbawe na ardhi iliyo karibu sawa, hatuna kilima cha kupanda. Mimi nilikikata kiazi kitamu vipande vya unene mmoja, kuanzia chini hadi kileleni, nikachora ukingo wa kila kipande juu ya karatasi ile ile, mdogo ndani ya mkubwa; mistari hiyo ndiyo kontua za kilima changu cha kiazi. (Kiazi chenyewe tulikichemsha baadaye.)